Nilivyopeleka Mikono Yangu Kampala

Mama za koral, waimbaji wenzangu, mumenichosha! Kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka pale kwenye ngazi: "Mama Neema, tuambie ya Kampala!" Nikifika Mahagi, mmoja anakumbuka kwamba aliacha majani yake ya sombe motoni, anakimbia. Nikifika Kampala, mwingine ndiyo kwanza anatokea, anataka nianze upya. Basi nimekaa chini nikaandika yote. Atakayewasomea ni Régine, kwa sababu yeye anaweza kusoma bila kuongeza chumvi yake. Habari za karatasi za kuvukia mpaka sitaandika. Mnayajua mateso yale, na mimi sitaki kuyakumbuka.

Kiwiko

Mikono yangu mnaijua, ila wengi hamkujua kwa nini niliondoka kwa haraka vile.

Ugonjwa huu unaitwa soriasi. Dokta wa ngozi hapa Bunia alishanieleza vizuri: ngozi inajitengeneza haraka kupita kiasi, inapandiana, inakuwa magamba meupe juu na nyekundu chini, kisha inapasuka. Si ukoma, si upele, si uchawi, na hauambukizi. Mimi nilimwelewa. Mtaa wa Ngezi haukumwelewa. Dawa zake zilinisaidia kwa muda, kisha zikakosekana, nami nikakimbilia zile pomade za sokoni zinazotangazwa kwa kipaza sauti. Ukipaka leo, kesho ngozi inang'aa. Ukiacha wiki moja, inarudi na hasira mara mbili.

Mnakumbuka wakati wa ebola, tulivyokuwa tunasalimiana kwa viwiko? Mtanisamehe, ule ugonjwa uliliza watu wengi, lakini mimi ndani yangu nilipumua. Kila mtu alikuwa anaogopa mkono wa mwenzake, basi nilikuwa kama ninyi wote. Tatizo lilikuwa maji ya klori tu, yaliyoniunguza hadi machozi. Ebola ilipoisha mlirudi kwenye mikono. Mimi nikabaki na kiwiko changu. Hakuna aliyeniambia nirudi.

Halafu Neema, binti yangu, akapata Héritier. Kijana mzuri, sina neno. Tukapanga dote, mahari yake. Na kwetu, siku ya dote, mama wawili wanalishana: mama wa binti anamega ugali wa fufu, anachovya, anamtia mama wa kijana mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, halafu mwenzake anarudisha. Kijiko hakiingii pale. Ambaye hajalishwa hajapewa mtoto.

Sasa mama wa Héritier ni nani? Ni yule mnayemwona akikaribishwa chai kwa mtu, kwanza anaomba maji aoshe kikombe cha wenyewe. Na wifi yangu, Tante Odette, alikuja kwangu na wazo lake.

"Miye nitalisha pa nafasi yako," akasema. "Ao uvale ganti mu mikono. Zile nyeupe za protokoli, wenye kupokea watu mu kanisa."

Ganti! Nimlishe mwenzangu na ganti kama daktari wa ng'ombe? Nililia siku hiyo, nawaambia ukweli. Nilimzaa Neema kwa mwili huu, nikambeba mgongoni tulipokimbia Djugu, halafu siku ya kumtoa, mkono wangu ufichwe? Nikasema hapana. Kama kuna mahali duniani mikono hii inaweza kutibiwa kabla ya dote, nitaipeleka.

Mahali palipatikana kwa simu. Mama Uyirwoth, yule Mualuru wa Mahagi ninayenunua vitenge kwake, alinipigia akaniambia kwamba Kampala kuna mama Mchina anayetibu ngozi kwa mizizi na majani ya kwao. Mtoto wa dada yake alitibiwa pale. "Kuja," akaniambia, "tutaenda wote, miye iko na mizigo ya kuleta."

Bunia mpaka Mahagi, na lori la Muzee Bosco

Nilipanda kwenye kabini ya lori la mbao la Muzee Bosco, anayesali kwetu. Nilivaa koti la mikono mirefu. Jua lilikuwa linachoma.

"Weye, koti hii ni ya nini?" akaniuliza.

"Iko baridi."

Alitazama nje, akanitazama mimi, akajipangusa jasho. Hakuuliza tena, Mungu ambariki.

Barabara ile mnaijua. Tulisimama kwenye bariyeri ya jeshi kungoja magari mengine ili tuende pamoja tukilindwa na wanajeshi. Watu wakatandika vitenge chini ya magari wakalala. Mama mmoja akauza ndizi za makemba za kuchoma na karanga, tukala. Mchana ukaisha pale pale. Hakuna aliyelalamika, maana gari linalongoja ni bora kuliko gari linalokimbia peke yake.

Kesho yake tulipita sehemu za kwetu, Djugu. Muzee Bosco alipunguza mwendo bila kuombwa. Niliuona mteremko wetu. Migomba imebaki, imekuwa pori, na nyumba ya jirani ina mti ndani yake. Nyumba yetu sikuiona kabisa. Nilijikuna mikono ndani ya koti mpaka tulipopita kile kilima. Muzee Bosco alianza kuimba wimbo wa koral, sauti mbaya kweli kweli, nami nikamsaidia.

Mahagi, Mama Uyirwoth alikuwa ananingoja na sahani: samaki wa ziwani na pilipili ya kusaga. Kwake kulikuwa na umeme, watoto, mbuzi, na redio tatu zinazosema kwa pamoja. Nilikula mpaka nikaona haya. Ingekuwa bora ningekula na kurudia, kwa sababu sikujua kwamba namuaga yule samaki.

Kuvuka kwenda Kampala

Upande wa pili wa mpaka, barabara ni lami na basi linakimbia kama linafukuzwa. Mama Uyirwoth alilala mara moja, kichwa begani kwangu, bila kuuliza bega lina nini. Tulivuka Nile pale Pakwach. Nilitegemea kitu kikubwa, sijui, labda watu wapige makofi. Ni maji tu, mapana na ya kimya, na abiria wote walikuwa wanatazama simu zao.

Penye daraja la Karuma kulikuwa na nyani wameketi pembeni kama watu wanaongoja kuitwa. Mmoja alinyoosha mkono. Nilitaka kumtupia ndizi, Mama Uyirwoth akazinduka. "Usimupatie! Ataingia ndani!" Huyo mama anaweza kulala na kuona.

Mbele tena basi likasimama, na kabla sijajua kuna nini, kuku wakaingia dirishani. Si kuku wazima, ni wa kuchoma kwenye vijiti, na ndizi za kuchoma, na maini. Wauzaji walikuwa wanakimbia na makoti ya rangi moja yenye namba, wanatupenyezea vijiti usoni. Nikadhani ni zawadi ya kampuni ya basi! Nikapokea viwili, nikasema aksanti, nikaanza kula. Basi likaanza kuondoka, yule kijana anakimbia pembeni anapiga kelele, nami nampungia mkono wa kwaheri. Mama Uyirwoth ndiye aliyemtupia pesa zake, kisha akacheka hadi Kampala. Hadithi hiyo ameshaifikisha Mahagi yote.

Kampala: nilikwenda nimependeza mno

Tulifikia kwa Jeanine, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyekimbilia Kampala zamani. Asubuhi ya kwenda kwa dokta nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kubatizwa. Nilioga. Nilisugua magamba yote yaliyokubali kutoka. Nilipaka mafuta mpaka mikono ikameta. Nilivaa kitenge changu cha Mwaka Mpya na koti. Na kwa kuwa Mama Uyirwoth aliniambia kwamba dokta huyu anaangalia ulimi, niliusugua ulimi kwa mswaki na chumvi mpaka ukawa mwekundu wote. Siwezi kumtolea mgeni ulimi mchafu! Nani alinilea vile?

Dokta alikuwa mama wa umri, nywele fupi za mvi, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa anasema Kichina na Kiingereza. Pembeni yake kulikuwa na msaidizi anaitwa Stella, mtu wa Arua, aliyejifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara wa kwetu. Ndiye aliyekuwa anatupitishia maneno.

"Mama, Dokta anasema toa ulimi."

Nikautoa kwa fahari. Dokta akauangalia, akavaa miwani, akauangalia tena, akasema jambo. Stella akainamisha kichwa, naona anazuia kicheko.

"Anauliza nani amesugua ulimi yako."

"Ni mimi. Kwa heshima yake."

Dokta akanikunja mkono wa koti, akapitisha kidole juu ya yale mafuta, akakinusa. Akasema tena, kwa upole.

"Mama, anasema ulimi ndio yeye anasoma. Ile rangi ya juu, ule utando, ndio unamwambia tumbo iko namna gani. Weye umetoa yote. Na ngozi anataka kuona vile iko kwako nyumbani. Anasema urudi kesho. Usisugue ulimi. Usipake mafuta. Usivae koti. Kuja tu vile umeamka."

Weee! Hasira ilinipanda. Nimelala chini ya lori, nimevuka mpaka na Nile, halafu narudishwa kwa sababu ni msafi! Nilitoka bila kuaga. Njiani Jeanine, aliyenisindikiza, alijaribu kunituliza, nikamtangulia. Ukweli si hasira tu. Niliogopa. Tangu ngozi hii ianze sijawahi kutembea barabarani vile nimeamka.

Lakini niliamka, nikaenda. Mikono wazi, magamba yanadondoka kwenye kitenge. Mtu wa pikipiki aliyenibeba aliniangalia mara moja tu, akanipa kofia.

Safari hii dokta hakunirudisha. Alinionyesha mto mdogo wa nguo mezani, nikaweka mkono juu yake. Akaushika kwenye kifundo cha mkono na vidole vitatu, pale mshipa unapopiga, akafumba macho. Akanyamaza. Stella pia akanyamaza. Nikafikiri, kumbe ni mtu wa Mungu, anaanza kwa sala! Nami nikafumba macho, nikaanza kuomba kimoyomoyo: kwa ajili ya dote, ya Neema, hata ya Odette. Akahamia mkono wa pili, nikaendelea. Alipoachilia, nikasema kwa sauti, "Amina!"

Akashtuka. Stella alipomweleza, yule mama alicheka mpaka akatoa kitambaa cha macho. Kumbe alikuwa anasikiliza mapigo ya damu. Vidole vitatu, kila kimoja kinasikia habari yake. Mimi nilicheka pia, lakini niwaambie kilichonishika. Alikuwa ameshika mikono yangu yote miwili, kwa utulivu, kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote kwa miaka mingi, na hakujifuta.

Kisha maswali. Mama za koral, hapa Régine ashushe sauti. Aliuliza choo kikoje. Aliuliza kama nasikia kiu, kama nalala, naota nini, kama miguu inapata baridi. Nikawa najiuliza mikono itatajwa lini. Halafu akauliza swali la mwisho.

"Anasema," Stella akatafsiri, "kabla ngozi haijaanza, mu maisha yako kulitokea nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata hapa. Nikamweleza. Usiku wa kukimbia, Neema mgongoni kisha mkononi, mume wangu aliyerudi kuchukua mbuzi na hakutufikia. Nikamweleza hema la kwanza tulilolala hapa Bunia, na jinsi asubuhi moja nilivyokuta gamba dogo kwenye kidole. Stella alitafsiri nusu, akashindwa, akageukia dirisha. Dokta hakumharakisha. Alinimiminia maji ya moto, ya moto tu bila majani, tukanywa wote watatu.

Mwishoni alinieleza kwa namna ya kwao. Kwamba damu yangu imepata joto, joto likaikausha, na ukavu ukazaa upepo, na huo upepo ndio unaowasha. Sisemi kwamba nilielewa yote. Ila kwamba ndani yangu kuna joto lisilopoa, hilo sikuhitaji Mchina aniambie.

"Ataniponya?" nikauliza.

Alijibu polepole, na Stella akatafsiri neno kwa neno: "Hapana sema itapona. Hii haitoki kabisa. Inalala. Kazi yetu ni kuilaza. Na dokta wako wa Bunia usimwache, umwambie kila kitu unakunywa, akupime damu."

Nilikuwa nimetegemea muujiza, na roho iliniuma. Lakini wale wauza pomade wote waliniahidi nitapona. Yeye ndiye wa kwanza aliyeniambia hapana, nami nikamwamini.

Kampala: chungu cha kuazima

Alinichoma sindano kwanza, nyembamba kama unywele, akaziacha zimesimama mikononi na miguuni. Nikalala pale nangoja aweke dawa ndani. Nikangoja. "Stella, mbona hamuweki dawa? Sindano zimesahaulika?" Kumbe hazina dawa, ni sindano tu. Nililala usingizi nikakoroma, nasikia.

Kisha akanipa vifurushi vya kuchemsha. Jeanine alivifungua mezani: mizizi, maganda ya mti, maua makavu, na katikati, vitu vya rangi ya udongo vyenye miguu.

"Yesu! Hii ni wadudu!" Jeanine akapiga kelele.

Ni maganda ya nyenje, yale wanayovua na kuyaacha yameng'ang'ania mti. Tulipokuwa watoto Djugu tulikuwa tunayabandika kwenye nguo kama vito. Stella alinieleza kwamba kwao Wachina wanayatumia kutibu kuwashwa, kwa vile yule mdudu anajua kuvua ngozi yake. Nilifikiri nitacheka, nikajikuta nimekubali. Mdudu anayevua ngozi akaimba, mimi namwonea wivu.

Unachemsha kwenye chungu, si sufuria ya aluminiamu. Maji ya kwanza unamimina pembeni, unachemsha tena, unachanganya. Jeanine hakuwa na chungu, tukaazima kwa jirani, na harufu ilipofika kwa huyo jirani akaja kukidai. Uchungu wake? Chukueni kwinini, mchanganye na moshi.

Na miiko! Pilipili hapana. Mbuzi hapana. Samaki hapana, wala pombe ya mandro, wala bia, wala vya kukaanga. Dokta anasema hivyo vinachochea ugonjwa uliolala. Mama Uyirwoth alipokuja kuniaga, aliposikia orodha hiyo alikaa chini.

"Sasa mutu anaishi na nini?"

"Majani ya lenga-lenga na wali."

"Pole, mama," akasema, na alimaanisha. Yeye akarudi Mahagi na mizigo yake, mimi nikabaki kwa wiki kadhaa.

Magamba yalianza kuwa membamba. Usiku nikalala bila kujikuna. Mkono wa kulia ukaanza kulainika, mipasuko ikafunga. Wa kushoto ulikuwa mkaidi, na viwiko vilikataa kabisa. Tarehe ya dote ilikuwa inakaribia. Siku ya kuaga nilimpa dokta mikono yote miwili, akaigeuza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi sikuridhika. Mtu akiniangalia mezani, bado ataona.

Kurudi, na chai ya Mama Neema

Kutoka Mahagi nilipata gari aina ya jipu na abiria wengine, na mvua ikatupata. Tulizama kwenye tope mpaka milango ikawa haifunguki vizuri. Wanaume wakasukuma, wakaanguka, wakasukuma tena. Baadaye tukakaa pembeni kungoja lori la kutuvuta, wote tumelowa, meno yanagongana.

Mimi nilikuwa na termosi ya dawa ya siku ile, imechemshwa kwa Mama Uyirwoth. Saa ya kunywa ikafika. Sasa niambieni, utakunywaje kitu cha moto peke yako, watu wanatetemeka wanakutazama? Nikajaribu kugeuka nyuma ya jipu. Shoferi akaniona.

"Mama, ni chai ile? Na siye je?"

"Hapana, ni dawa."

"Dawa! Kila mutu mwenye choyo anasema ni dawa," akasema mama mmoja mwenye mtoto wa kuku kifuani, na wote wakacheka.

"Iko uchungu sana!"

"Hata kahawa iko uchungu."

Nikaapa kwamba ni dawa ya Kichina, ya ngozi, yenye nyenje ndani. Ndiyo kwanza wakazidi kutaka. Basi nikamimina kidogo kidogo kwenye kile kifuniko, kikazunguka. Kila mmoja alikunja uso, akapitisha kwa mwenzake. Kikanirudia, nikanywa kilichobaki. Nikakishika kile kifuniko mkononi nikikitazama. Watu wote wa gari lile walikuwa wamekunywa kikombe kimoja na mimi, na mikono yangu ilikuwa wazi, imelowa, wanaiona.

Shoferi alikuwa wa kwanza kukimbilia porini. Kisha mama wa kuku. Kwangu dawa ile ililegeza tumbo kidogo tu, nilishazoea. Lori la kutuvuta lilipofika lilikuta jipu halina mtu. "Muko wapi?" dereva akaita, na sauti zikamjibu kutoka kila kichaka. Mama wa kuku alirudi akanishika bega: "Mama Dawa, kumbe ulisema kweli." Mpaka Bunia waliniita hivyo.

Ngezi: siku ya kulishana

Tante Odette alikuwa ameandaa kila kitu, na juu ya meza ya chumba changu aliweka ganti nyeupe, zimekunjwa vizuri, za protokoli. Neema aliziona, akanitazama.

"Mama, ufanye vile roho yako inataka," akasema. "Miye nitaolewa tu."

Nilivaa kitenge cha mikono mifupi. Sikupaka mafuta ya kumeta. Ganti niliziacha mezani, nikatoka vile nilivyoamka.

Sebule ilijaa. Wajomba, wazungumzaji wa pande zote mbili, pasta, mnajua. Nikaketi mbele ya mama wa Héritier, sahani katikati yetu: fufu, sombe, mbuzi. Watu wakaiona mikono. Odette alikuwa amesimama mlangoni na kijiko, nadhani kwa tahadhari.

Mama Héritier aliutazama mkono wangu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha viwiko.

"Njo ule ugonjwa?"

"Ndiyo, njo huo. Hauambukize, madokta wawili wameniambia. Umepunguka. Kuisha, hautaisha."

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Sasa unangoja nini? Njaa iko."

Na akafungua mdomo.

Nikamega fufu. Tonge lilianguka mara moja, nikamega lingine, nikachovya kwenye sombe, nikamtia mdomoni. Midomo yake ilinigusa vidole. Akafumba mdomo, akatafuna. Yule anayeosha vikombe vya watu alitafuna taratibu, sebule nzima inamwangalia, Héritier amesahau kupumua. Akameza.

"Mama Neema."

"Ndiyo, mama."

"Hii sombe, pilipili iko wapi? Unanipatia mutoto muzuri vile, na sombe ya wagonjwa?"

Kicheko kilichotoka pale kilifika barabarani. Nilikuwa nimeipika mwenyewe, mkono umeshazoea miiko, pilipili nimeisahau kabisa! Odette akakimbia na kijiko chake kuleta pilipili. Mama Héritier akaipokea, akamega fufu lake, akalichovya kwenye mchuzi wa mbuzi, kisha kwenye ile pilipili nyekundu, zima zima, akaninyooshea. Nikamfikiria dokta, miwani kifuani. Nikafungua mdomo nikala, machozi yakanitoka, na wote wakasema ni pilipili.

Tuliposindikizana getini jua limeinama, mikono ilishaanza kuwasha. Ndani, Neema alikuwa ameweka chungu cha dawa motoni bila kuambiwa. Wageni wakaanza kuaga. Mama Héritier alipofika kwangu, nilimpa kiwiko, kwa mazoea tu, hata sikufikiri.

Akakipiga kofi.

"Ebola iliisha zamani, mama," akasema, akaushika mkono wangu, na hakuuachilia mpaka pikipiki ilipokuja kumchukua.